Kiganja Juu ya Picha



Panya buku wanaofunzwa na shirika la APOPO mjini Morogoro huanza na somo moja: kibofyo kikilia, chakula kinakuja. Baadaye kibofyo hulia pale tu panya anapotambua harufu ya baruti. Chuma chakavu hakimshughulishi. Magawa, mmoja wa panya hao, aliyezaliwa Tanzania, alipelekwa Kambodia mwaka 2016, akagundua mabomu 71 ya ardhini. Hali hiyo ya panya kuitikia harufu moja tu, wataalamu wa tabia huiita udhibiti wa kichocheo: kuna kitu mahususi kinachoamsha tendo.

Darasani, kichocheo hujificha. Mtoto wa darasa la kwanza hapa Kirumba, akiona picha ya samaki na neno “sangara” chini yake, hulitamka kwa kishindo, wenzake wakampigia makofi. Mwalimu mwenye haraka huweka vema. Mwalimu makini hufunika picha kwa kiganja na kumwambia asome tena. Akinyamaza, imejulikana: alikuwa anamsoma samaki, si herufi.

Hata hivyo, mtoto huyo hajaanzia sifuri: picha na jina lake tayari anavijua.

Mwaka 1971 Mmarekani Murray Sidman alichapisha utafiti kuhusu kijana wa miaka 17 mwenye ulemavu wa akili. Akisikia neno, alionyesha picha yake. Akiona picha, aliitaja. Kusoma hakuweza. Sidman alimfundisha kusikia neno na kuchagua maandishi yake, maneno 20 kwa jumla. Kisha kijana akaanza kuoanisha maandishi na picha, na kuyasoma kwa sauti, mambo ambayo hakuna aliyemfundisha. Sauti, picha na maandishi vilikuwa vimeshikana; ndio uhusiano wa usawa ambao Sidman na William Tailby waliuwekea vigezo mwaka 1982.

Watoto wa kandokando ya ziwa, kama Ukerewe, Igombe na Mwaloni, huingia shule wakimjua sangara, sato, furu na dagaa kwa jicho na kwa jina. Mwalimu akiongeza maandishi, upande wa tatu umepatikana. Vipande vya boksi na kalamu ya wino mzito vinatosha. Ila kadi zichanganywe kila mara, maana wapo watoto wanaokariri mahali kadi ilipowekwa mezani, na kipimo kiwe kwa yale ambayo mwalimu hakuyafundisha.