Kabla ya Kununua Chupa, Mkague Mbwa Wako

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi, yaliyotolewa mwishoni mwa Agosti, kabla ya msimu wa mvua fupi.



Naanza kwa kusema ukweli: mimi si daktari wa mifugo. Kazi yangu ni habari. Maswali yenu yakifika ofisini, mimi hutafuta anayejua, nikamuuliza, kisha nikawaletea jibu kwa lugha tunayoelewana. Kwa miezi hii ya baridi, swali moja limerudi mara nyingi: "Mbwa wangu ananyonyoka manyoya, ngozi imekauka, anajikuna usiku kucha. Nimeambiwa kuna mafuta na vidonge vya msimu. Ninunue?"

Swali hilo nalijua vizuri kwa sababu nimewahi kulijibu vibaya nyumbani kwetu.

Mama yangu anaishi upande wa Molo. Ana mbwa anayeitwa Bosco. Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, ukungu haukuinuka na nguo hazikukauka kwenye kamba. Bosco akaanza kujikuna. Manyoya ya mgongoni, karibu na mkia, yakaisha kabisa. Mimi, mtoto wa mjini mwenye digrii, nikanunua chupa ya mafuta yenye picha ya mbwa anayeng'aa. Ilipokwisha, nikanunua ya pili. Bosco akaendelea kujikuna. Mama akachoka na kelele na harufu, akasema, "Mbwa huyu atolewe hapa kabla hajawaambukiza wajukuu." Nusura afunguliwe kamba na kufukuzwa.

Daktari wa mifugo alipofika, hakuiangalia chupa yangu kwanza. Aliomba karatasi nyeupe ya tishu, akailowesha maji, akachukua kitana chenye meno ya karibu na kumchana Bosco mgongoni. Vikaanguka vichembe vyeusi kama unga wa majani ya chai. Akavikandamiza kwenye karatasi ile. Vikayeyuka na kutoa rangi nyekundu kama kutu. Akatuambia, "Hii ni damu ya Bosco. Ni kinyesi cha viroboto."

Kisha akasoma lebo ya chupa. Iliandikwa kwamba mafuta yale husaidia manyoya wakati wa majira ya kuchipua na majira ya majani kupukutika. Akanitazama akacheka. Majira hayo Molo hatuna.

Ndugu zangu, hapo ndipo somo langu la leo lilipo. Bidhaa nyingi za aina hii zilitengenezwa kwa nchi za kaskazini kama Uingereza na Marekani. Kule mchana hurefuka sana wakati wa joto na hufupika sana wakati wa baridi. Mwili wa mbwa husoma mabadiliko hayo ya mwanga, kwa hiyo mbwa wengi hubadilisha manyoya mara mbili kwa mwaka, na mwenye mbwa hufagia manyoya sebuleni hadi achoke. Sisi tuko karibu na ikweta. Mchana wetu ni takriban saa kumi na mbili mwaka mzima. Mbwa wa hapa hupukutisha manyoya kidogo kidogo wakati wote. Kwa hiyo ukiona ghafla mbwa ana vipara, usiseme "ni msimu tu."

Je, misimu yetu haina maana? Ina maana, lakini kwa njia nyingine. Hapa kinachobadilika zaidi ni mvua na vumbi, na pamoja navyo wadudu.

Mvua inapokuja, kupe huongezeka kwenye nyasi. Unyevu na joto huwafaa viroboto. Mbwa anayelala kwenye gunia lililolowa hupata vidonda vya ngozi vinavyotoa maji na kunuka. Januari na Februari, kule Naivasha na Gilgil, vumbi na ukavu huleta mba na kuwashwa. Miezi ya baridi, mbwa na paka hulala wamebanana jikoni karibu na moto, na upele wa mmoja unakuwa wa wote.

Nitaje wageni wanne ambao hakuna chupa ya mafuta itakayowafukuza.

Wa kwanza ni kiroboto. Viroboto unaowaona juu ya mbwa ni sehemu ndogo tu ya wote walioko nyumbani kwako. Mayai huanguka kutoka kwenye manyoya, na watoto wa kiroboto hukua kwenye matandiko, kwenye nyufa za sakafu na chini ya kochi. Ndiyo maana ukimtibu mbwa bila kufua gunia lake kwa maji moto na kulianika juani, baada ya wiki chache mnaanza upya. Mtoto wa mbwa mwenye viroboto wengi anaweza kufa kwa kuishiwa damu.

Wa pili ni kupe. Huyu huleta homa zinazoua mbwa. Baada ya matembezi, pitisha vidole ndani ya masikio, kwapani na kati ya vidole vya miguu.

Wa tatu ni upele unaoletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyochimba ndani ya ngozi. Mara nyingi huanza kwenye kingo za masikio, viwiko na tumbo. Mbwa hujikuna hadi atoke damu. Watu wa nyumbani nao wanaweza kuwashwa na kutoka vipele mikononi na tumboni.

Wa nne ni choa, ambao wengi wetu tunauita mashilingi. Huu ni ukungu wa ngozi. Paka mdogo anaweza kuwa nao na kuupitisha kwa mtoto anayembeba kutwa nzima. Ukiona duara lisilo na manyoya kwa paka na duara kwenye mkono wa mtoto, mpeleke paka kwa daktari wa mifugo na mtoto kwenye zahanati.

Sasa nije kwenye chakula, kwa sababu manyoya hayatoki hewani. Unywele ni protini. Mbwa anayekula ugali na maji ya sufuria kila siku hana cha kutengenezea manyoya, hata umpake mafuta ya bei gani. Kwa bahati nzuri, tiba ya tatizo hilo inauzwa sokoni kwa kikombe: omena. Samaki hao wadogo wa Ziwa Victoria wana protini na pia mafuta ya omega-3, ambayo ndiyo yaleyale yanayotajwa kwenye chupa nyingi za mafuta ya samaki. Waoshe vizuri mchanga utoke, wachemshe bila chumvi, uchanganye na ugali. Usiweke kitunguu wala kitunguu saumu. Vyote viwili huharibu damu ya mbwa na paka. Yai lililochemshwa pia ni zuri. Kijiko kidogo cha mafuta ya alizeti juu ya chakula cha mbwa husaidia ngozi kavu, lakini ukizidisha ataharisha.

Na tafadhali, unga wa mahindi yaliyoota ukungu msiwape mbwa. Sumu iliyoua zaidi ya watu mia moja upande wa mashariki mwa nchi yetu mwaka 2004, sumukuvu, huua mbwa pia.

Je, virutubisho vya ziada havina kazi kabisa? Vina kazi, na sitaki mtoke hapa mkisema afisa wa kaunti amevikataza. Daktari anaweza kumpa mbwa mwenye mzio wa ngozi mafuta ya omega-3 ili kupunguza kuwashwa. Kuna mbwa wenye upungufu wa zinki wanaohitaji kuongezewa. Lakini jueni mambo matatu. Kwanza, matokeo huchukua wiki nyingi. Anayekuahidi mabadiliko kwa siku tatu anakuuzia maneno. Pili, zaidi si bora. Mafuta ya ini la samaki yana vitamini A nyingi, na ikizidi mwilini huleta madhara kwenye mifupa na ini. Tatu, kirutubisho si dawa. Hakiui kiroboto, hakiui kupe, hakiponyi upele.

Kuna mambo mengine ambayo madaktari wetu wameniomba niyaseme kwa sauti kubwa, kwa sababu huwaletea wanyama ambao wamechelewa kuokolewa.

Usimpake mbwa oili chafu ya gari. Najua wengi tumekua tukiona ikifanywa. Oili ile huchoma ngozi, na mbwa akijilamba anameza sumu.

Usimwogeshe mbwa kwa dawa ya dipu ya ng'ombe uliyoikadiria kwa macho. Usimdunge wala kumnywesha ivermektini ya ng'ombe kwa kubahatisha. Kipimo cha ng'ombe si cha mbwa, na baadhi ya mbwa, hasa wenye damu ya Collie, wanaweza kufa kwa kipimo ambacho wengine wanakistahimili.

Na wenye paka, sikilizeni: dawa ya viroboto ya mbwa usimwekee paka. Nyingi zina permethrini. Mbwa anaivumilia, lakini mwili wa paka hauwezi kuivunja. Paka ataanza kutetemeka, atapata degedege, na anaweza kufa siku hiyohiyo. Soma lebo. Kama haikuandikwa kwamba ni ya paka, iache dukani.

Hata sabuni ya kufulia nguo iacheni. Hukausha ngozi, kisha tunasema mbwa anahitaji mafuta.

Mtauliza, kwa nini kaunti inajishughulisha na manyoya ya mbwa wakati kuna barabara za kutengeneza? Jibu la kwanza ni la kisheria. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti kazi ya udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na leseni za mbwa. Jibu la pili ni zito zaidi.

Mbwa mwenye upele ndiye anayefukuzwa. Ananuka, anatia aibu, watoto wanakatazwa kumgusa. Siku moja anafunguliwa, na kuanzia hapo ni mbwa koko. Hakuna atakayempeleka kuchanjwa. Anaingia kwenye kundi la mbwa wa jaa la taka, anapigana, anaumwa. Kichaa cha mbwa hupita hapo. Karibu watu wote wanaopata ugonjwa huu duniani huupata kwa mbwa, na dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Miongoni mwa wanaokufa, watoto ni wengi. Kenya ilianza mpango wake wa kuutokomeza ugonjwa huu mwaka 2014, na lengo ni mwaka 2030. Ili ugonjwa ukatike, angalau mbwa 70 kati ya kila 100 wanapaswa kuwa wamechanjwa. Hatutafika huko kama kila mbwa mwenye vipara anatupwa barabarani.

Kwa hiyo mbwa mmoja anayetibiwa viroboto na kubaki nyumbani ni mbwa mmoja anayeweza kufikiwa na chanjo. Kwangu mimi, hiyo ndiyo thamani ya ngozi yenye afya. Kung'aa ni ziada.

Naomba kila mmoja afanye haya kabla mvua za Oktoba hazijaanza. Mchane mbwa au paka wako juu ya karatasi nyeupe iliyolowa maji. Angalia masikio, kwapa, tumbo na vidole. Fua au badilisha gunia analolalia, na uinue kibanda chake kisiingie maji. Mwongezee omena au yai kwenye ugali. Ukiona kipara, damu, harufu au duara, usianzie kwa muuza duka. Nenda kwenye ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yako, au kwa mhudumu wa afya ya mifugo aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Una haki ya kumwomba akuonyeshe leseni yake. Na ukiwa hapo, uliza kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya ugonjwa huo, lakini mbwa huchanjwa siku yoyote, na hurudiwa kila mwaka.

Na mbwa akimng'ata mtu, hata kama ni mbwa wa jirani mnayemjua, oshea kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mwende hospitali siku hiyohiyo. Msisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Bosco bado yupo kwa mama. Alipewa dawa ya viroboto, gunia lake likachomwa, jikoni kukafagiliwa hadi kwenye kona, na ugali wake ukaanza kuwa na omena. Haikuwa miujiza, manyoya ya mgongoni yalichukua miezi kurudi, na mahali pamoja hayakurudi kabisa. Siku ile ya daktari alichanjwa pia, kwa sababu tulipoulizwa alichanjwa lini, mimi na mama tulitazamana tu, hakuna aliyekumbuka.

Nanyi mkiulizwa swali hilo leo, mna jibu? Wale mliokuja na mbwa, msiondoke bado. Daktari yuko hapo nje chini ya mti, na karatasi nyeupe anazo.