Wazee Walioishi na Saratani ya Tezi Dume, na Gharama Isiyokwisha

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Milimani, Nakuru)



Twashukuru kupewa nafasi hii ya kusema juu ya jambo ambalo wanaume wengi huona haya kulitaja. Sisi wa Kamati ya Kuwazuru Wagonjwa tumepiga hodi nyumba nyingi mwaka huu, kuanzia hapa Milimani hadi Bondeni, Kaptembwo na Njoro, na lililotushughulisha zaidi ni hali ya wanaume walioshikwa na saratani ya tezi dume, wakatibiwa, wakaishi. Twasema wakaishi kwa makusudi, maana shida tunayowaletea ni ya watu walio hai.

Hakuna saratani inayowapata wanaume wa Kenya kwa wingi kama hii. Hesabu za kimataifa za mwaka 2022 zaonyesha wagonjwa wapya zaidi ya 3,000 katika nchi yetu kwa mwaka mmoja. Ikigunduliwa mapema, mtu aweza kuishi miaka 10 au 15, hata zaidi, na twamshukuru Mungu kwa hayo. Lakini ng'ombe wa maziwa aliyeuzwa mwaka wa kwanza hawezi kuuzwa tena mwaka wa sita, na kliniki haiachi kumwita mzee.

Yafaa tueleze fedha hizo zaenda wapi. Mwaka 1941, huko Chicago, Daktari Charles Huggins alionyesha kwamba ugonjwa huu hulishwa na homoni ya kiume, na kwamba homoni hiyo ikizuiwa, ugonjwa hupungua nguvu. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Hata leo, ugonjwa ukiisha kuenea, mgonjwa huambiwa achague: ama apasuliwe atolewe makende, jambo la siku moja na la gharama ya mara moja, ama adungwe sindano kila mwezi au kila miezi mitatu, pengine kwa maisha yake yote. Wanaume wengi huchagua sindano, wala hatuwalaumu, kwani ni nani kati yetu angejibu upesi? Linalotusikitisha ni kwamba mara nyingi mzee huchagua peke yake, kwa aibu, pasipo kukaa na mkewe wakapiga hesabu ya miaka kumi. Kisha fedha zinapopungua, huruka sindano moja, halafu ya pili, akisema anajisikia vizuri. Ugonjwa haungojei mfuko wake.

Tena kuna gharama ndogo ndogo ambazo hakuna afisi inayoziandika. Kipimo cha damu cha PSA hurudiwa mara kwa mara. Sindano zikitumika muda mrefu hudhoofisha mifupa, na zaweza kuleta kisukari. Wengine hushindwa kuzuia mkojo, wakawa na haja ya nepi za watu wazima kila siku; na asiyeweza kuzinunua huacha kwenda kanisani, huacha barazani, huacha hata mikutano yetu hii. Tukiona kiti cha mzee kitupu, tusidhani mara moja kwamba amekichoka chama.

Kuhusu mionzi, tumepata nafuu. Kwa miaka mingi mgonjwa wa hapa aliyeihitaji katika hospitali ya serikali hakuwa na budi kusafiri kilomita 160 hivi hadi Hospitali Kuu ya Kenyatta na kukodi chumba Nairobi kwa wiki kadhaa. Siku hizi hospitali ya kaunti yetu ina kituo cha saratani chenye mashine yake.

Tuje kwenye bima. Wengi wetu tulilipia NHIF, iliyoundwa mwaka 1966. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mahali pake pamechukuliwa na SHA, na mtu asiyejiandikisha upya na kulipa hawezi kusaidiwa kwa sababu alilipa ile ya zamani miaka 30. Asiye na mshahara alipangiwa asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba yake, isipungue sh. 300 kwa mwezi, tena alipe ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani si chini ya sh. 3,600. Mzee aliyetimiza miaka 70 akiwa katika mpango wa Inua Jamii hupewa sh. 2,000 kwa mwezi. Basi zipimeni wenyewe. Mpango ulipoanza, matibabu ya saratani yalitengewa sh. 550,000 kwa mwaka, na hizo ni za nyumba nzima. Mke naye akiugua saratani, hugawana kikapu hicho hicho.

Yanapokwisha hayo, shamba huanza kutajwa. Twawakumbusha wanachama kwamba sheria ya mwaka 2013 yataka mke akubali kabla ardhi ya ndoa haijauzwa, na ardhi ya kilimo haiuzwi bila idhini ya Bodi ya Ardhi. Mnunuzi anayekuja usiku akiwa na fedha mkononi, akitaka mgonjwa atie sahihi upesi, ajulikane mapema ni mtu wa namna gani.

Sasa twafika penye haja yetu. Desturi ya harambee ni njema, lakini ina nyakati mbili tu: siku ugonjwa unapotangazwa, na siku ya maziko. Katikati ya siku hizo hukaa miaka kumi ya kimya. Huonekana mabasi mawili yamekodiwa kwenda kumzika mtu ambaye mwezi uliotangulia alikosa nauli ya matatu ya kumfikisha kliniki. Katiba yetu nayo yaruhusu mfuko wa rambirambi ufunguliwe kwa ajili ya mazishi peke yake.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu uibadili sharti hiyo, ili sehemu moja kwa tano ya mfuko itengwe kwa wanachama walio hai wenye maradhi ya muda mrefu, wa kiume na wa kike. Itumike kwanza kulipia bima ya mwaka ya mwanachama asiyejiweza, kisha nauli ya kliniki na vipimo, na mwisho hizo nepi tulizozitaja. Tumesikia hoja ya wazee wengine kwamba mfuko utakauka na marehemu watakosa jeneza la heshima. Ni hoja ya haki, nasi twakubali jeneza litakuwa la mbao nyepesi zaidi.

Anayehitaji msaada hatatakiwa kusimama mkutanoni. Atamwona Mweka Hazina faraghani, au atamtuma mkewe, na jina lake halitaandikwa katika taarifa ya mwaka.