Jina Limefutwa, Mtu Anajulikana

(Muziki wa kipindi, kisha ushuke)

MTANGAZAJI: Leo nazungumzia makundi yetu ya kujitolea ya kwenye simu, na watu wanaokuja kuyafanyia utafiti. Naanza na kosa langu mwenyewe.

Mimi ni msimamizi wa kundi moja la WhatsApp. Wamo watu wenye asili ya Chovai, Chula, Koyama na Kismayo. Wengine wako hapa kambini, wengine Mombasa, wengine Ulaya. Hakuna anayelipwa. Tunatafuta jamaa waliopotezana, tunawasomea wazee barua za ofisini, jioni tunawasaidia watoto hesabu. Siku moja mwanafunzi wa chuo aliniomba aingie, aone tunavyofanya kazi. Alikuwa na adabu, na akaahidi hatataja jina la mtu. Nikamwambia karibu. Wenzangu sikuwauliza.

Baada ya miezi kadhaa ripoti ikatoka, ikafika hadi huku kambini. Kweli, jina halikuwemo. Iliandikwa tu: mjane wa nahodha kutoka Chovai, anafundisha watoto kusoma, mwanawe ameondoka kwa njia ya Libya na hajasikika. Chini yake yakawekwa maneno ya mama huyo, vilevile kama alivyoyaandika usiku ule kwenye kundi.

Sasa jiulize, msikilizaji. Chovai ni kisiwa kidogo. Wajane wa manahodha wa Chovai wanaofundisha watoto kambi hii ni wangapi? Kesho yake akina mama wakaanza kumwendea kuhani. Walikwenda kwa wema. Lakini yeye hakuwa amewaambia majirani, kwa kuwa bado alikuwa anamngoja mwanawe. Sasa watu wamekaa mkekani kwake kama kwenye msiba. Siku ileile akatoka kwenye kundi, na watoto wakakaa wiki tatu bila mwalimu. Nilipokwenda kumtaka radhi aliniambia, "Mwanangu, mimi nilisema na nyinyi. Sikusema na kila mtu."

(Muziki mfupi)

Nilidhani jina ndilo siri yote. Kumbe kisiwa, kazi, idadi ya watoto, mwaka wa safari, kila kimoja peke yake hakimtaji mtu, lakini ukivikusanya vinamtaja. Hata sauti. Ukimrekodi mtu anayesema "moya" badala ya "moja", wasikilizaji wa pwani washajua ametoka upande wa kaskazini. Na ujumbe ukinakiliwa neno kwa neno, kila aliyemo kwenye kundi anamjua mwenyewe.

Tena taarifa zikishaandikwa zinaweza kutoka mikononi mwa aliyezichukua. Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia kwenye kompyuta zenye taarifa za watu zaidi ya 515,000. Walikuwemo waliotengana na jamaa zao, waliopotea na waliofungwa. Shirika kubwa namna ile, lenye wataalamu wake, lilipatwa. Je, kompyuta ya mwanafunzi mmoja?

Siwaambii mfukuze watafiti. Watu wa visiwa vyetu tumeandikwa kidogo, na asiyeandikwa husahaulika mipango inapopangwa. Ninachosema ni kwamba tuwe na utaratibu.

Wewe msimamizi wa kundi: ruhusa yako ni ya kufungua mlango tu. Maneno ni ya waliyoyasema, na kila mmoja aulizwe. Mgeni akiingia, tangaza ni nani, anatafuta nini, na anatoka lini. Usiku mtu akiandika jambo la moyoni, mkumbushe kwamba mgeni yumo.

Wewe mwanakundi: uliza maswali manne. Nani amekutuma? Utaandika nini, na utakiweka wapi? Nikibadili mawazo kesho, utayafuta maneno yangu? Na nitasomewa ulichoandika kabla hakijatoka? Sisi tuko Kenya, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuambiwa taarifa zako zitatumika vipi, na haki ya kuondoa idhini uliyoitoa. Akikwambia ukikataa utakosa mgao, huyo mtilie shaka. Mtafiti wa kweli hakuuzii maswali kwa chakula.

Na wewe mtafiti, ukiwa unatusikiliza: usichohitaji usikichukue. Pa kusema Chovai, sema kisiwa kimoja. Eleza maana ya maneno ya mtu kwa maneno yako. Kisha mpe mtu wa kwetu asome, umuulize, "Huyu unamjua?" Akicheka na kutaja jina, rudi ukaandike upya.

Najua mmoja wenu sasa hivi ananiuliza: mbona wewe umemsimulia mama wa watu redioni? Nilikwenda kwake kwanza na karatasi hii, nikamsomea yote. Mistari miwili akasema itoke, nikaitoa. Mambo mengine tumeyabadili pamoja, na siwaambii yapi. Kwa hiyo usijisumbue kumtafuta mjane wa nahodha. Darasa analifundisha tena. Kwenye kundi hajarudi, na sikumshurutisha.

Kabla hatujakutana tena, fungueni makundi yenu, mhesabu namba ambazo hamjui ni za nani. Mimi nilikuta mbili.

Wabillahi tawfiq. Assalamu alaikum.

(Muziki wa kufungia kipindi)