Kilichovunja nyumba ni sharti, siyo posho

Makamanda, filamu tuliyotoka kuitazama, The Pruitt-Igoe Myth (2011), inahusu maghorofa ya serikali kule St. Louis, Marekani. Wapangaji karibu wote walikuwa Wamarekani weusi. Mama akitaka posho ya kulea watoto, baba asionekane nyumbani. Watoto wanafundishwa kumficha baba yao! Huo ni uhuru gani?

Wapo wanaosema posho ndiyo iliyowalemaza. Mimi nakataa. Maskini kusaidiwa siyo kosa. Kosa ni lile sharti. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ililikataa sharti la namna hiyo la Alabama. Lakini familia ngapi zilikuwa zimeshasambaratika?

Kwa hiyo makamanda, ukiahidiwa msaada usiulize kiasi tu. Uliza sharti, na nani kalitunga.