Mfarishi Mabegani mwa Aliyerudi Vitani

Hotuba ya Umoja wa Wanawake katika maadhimisho ya miaka 100 ya usharika



Kamati ya maadhimisho ilituagiza akina mama tuseme neno juu ya kazi ya mikono kama huduma. Vitambaa vya madhabahuni na sare za kwaya mnaviona mbele yenu, navyo vinajieleza vyenyewe. Sisi tumechagua habari ya mbali kidogo, kwa kuwa inatuuliza swali ambalo usharika wenye umri wa miaka 100 haupaswi kulikwepa: aliyerudi kutoka vitani, tulimpokeaje?

Habari hiyo ni ya mifarishi. Mfarishi ni nguo nzito ya kujifunika yenye tabaka tatu. Juu huwekwa vipande vingi vya kitambaa vilivyounganishwa kwa mpango, katikati pamba, na chini kitambaa kizima. Tabaka zote hushonwa pamoja ili pamba isikimbilie upande mmoja. Akina mama wa Kilutheri wa Marekani wameizoea sana kazi hii, na kwa miongo mingi wameshona mifarishi kwa ajili ya wakimbizi na maskini wa nchi nyingine kupitia shirika la Lutheran World Relief, lililoanzishwa mwaka 1945.

Kuwashonea askari nako ni desturi ya siku nyingi huko. Wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, wanawake walishona mifarishi myembamba iliyotosha vitanda vya kambini na hospitalini. Iliyobaki hadi leo ni michache mno, kwa maana ilitumika hadi ikaisha. Mwaka 1917, nchi hiyo ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, watu walichangia Msalaba Mwekundu fedha kidogo kidogo, na majina yao yakatariziwa juu ya mifarishi.

Baadaye vilikuja vita vya Vietnam. Askari wengi walirudi mmoja mmoja, kwa ndege, bila mapokezi yoyote. Taifa lilikuwa limegawanyika juu ya vita vile, na hasira ya watu iliwaangukia vijana waliotumwa. Wengi wao walinyamaza kwa miaka mingi.

Mwaka 2003, mama mmoja wa jimbo la Delaware, Catherine Roberts, alikuwa na mwana aliyepelekwa Iraki. Ameeleza kwamba aliota kijana ameketi kando ya kitanda usiku wa manane, ameinama kwa kukata tamaa. Kisha akamwona kijana yule yule amejifunika mfarishi, na uso wake umepata tumaini. Alipoamka hakuishia kusimulia. Alipanga kazi: mmoja ashone sehemu ya juu, mwingine aunganishe tabaka, na wote wajitolee muda na vitambaa. Mnamo Novemba mwaka huo mfarishi wa kwanza ulitolewa katika hospitali ya kijeshi ya Walter Reed, Washington, kwa kijana wa Minnesota aliyepoteza mguu Iraki. Ndivyo ulivyoanza umoja uitwao Quilts of Valor Foundation, ambao hadi sasa umetoa mifarishi zaidi ya 300,000, ikiwamo kwa wazee wa Vietnam, Korea na Vita Kuu ya Pili.

Tutazame taratibu zao, maana ndizo zenye mafundisho. Mfarishi lazima utoshe kumfunika mtu mzima, yapata sentimita 150 kwa 200. Lazima ushonwe kote; haitoshi kuufunga kwa mafundo ya uzi. Nyuma yake hubandikwa kitambaa chenye majina ya walioushona na jina la anayeupokea. Tena hautolewi kama mzigo wa kuachwa mlangoni. Askari huitwa kwa jina mbele za watu, hushukuriwa, na mfarishi hutandazwa mabegani mwake.

Yupo atakayeuliza: je, si rahisi kununua blanketi dukani? Ni rahisi kweli. Lakini blanketi la dukani halimwambii mtu kwamba fulani, asiyemjua, aliketi kwenye cherehani siku nyingi akimfikiria. Wala hatusemi kwamba mfarishi ni dawa. Anayeamshwa usiku na ndoto za vita anahitaji daktari na mshauri, na ni wajibu wetu kumsindikiza kwao. Mfarishi unamwambia tu kwamba hayuko peke yake.

Mwingine atauliza kama kanisa, lililoitwa kuwa mpatanishi, halitakuwa linasifu vita. Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba anayefunikwa ni mtu. Tunaweza kuichukia vita kwa moyo wote na bado tukamhurumia aliyeibeba mwilini mwake. Kosa walilotendewa wale wa Vietnam ni kuadhibiwa kwa maamuzi ambayo si wao walioyafanya.

Sasa turudi nyumbani. Miaka 100 ya usharika huu imepita kando ya vita. Wapagazi na askari wa Vita Kuu ya Kwanza wana sanamu yao Dar es Salaam tangu mwaka 1927. Mashujaa wetu waliolala tunawakumbuka kila tarehe 25 Julai. Hayo ni mema. Lakini waliorudi hai kutoka Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 hawahitaji sanamu; wanahitaji kuulizwa habari zao. Kijana aliyekuwa na miaka 20 vita vilipokwisha leo amepita miaka 65. Huenda ameketi nawe benchi moja, nawe humjui ila kwa ufundi wake au shamba lake.

Kwa hiyo Umoja wa Wanawake unaleta ombi. Mabaki ya vitenge yapo kwa kila fundi cherehani, na blanketi kuukuu lililofuliwa vizuri laweza kukaa mahali pa pamba. Tunaomba wazee wa mitaa watutajie askari wastaafu walio kati yetu, na wajane wao. Tutakwenda kwanza kuwasalimu na kuwauliza kama wangependa, maana wapo wasiotaka kukumbushwa, nao waheshimiwe. Walio tayari tutawashonea, tuandike majina yao na yetu, na siku itakapofika waitwe mbele ya usharika.

Mungu aubariki usharika wetu katika karne yake ya pili.