Neno "Acha" Peke Yake Halitoshi

Maelezo ya Mganga Mfawidhi wa kituo cha afya cha kata, aliyoyatoa mbele ya mkutano wa wananchi katika Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, tarehe 31 Mei.



Nimepewa nafasi ya kuzungumzia uvutaji wa sigara. Madhara yake mmekwisha kuyasikia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na miongoni mwao wamo wasiovuta kabisa, waliodhurika kwa moshi wa wenzao. Sikuja kuyarudia hayo. Wavutaji ninaowapokea kituoni wanayajua. Wengi wamejaribu kuacha, wakashindwa, wakanyamaza. Leo nataka kusema nao, na kusema na sisi tunaoishi nao.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa katika zahanati nyingine, alinijia mzee mmoja, fundi seremala, mwenye kikohozi cha muda mrefu. Makohozi yake yalipopimwa, alikutwa na kifua kikuu, nikamwanzishia dawa za miezi 6. Nilipojua kuwa anavuta sigara, nilimwambia neno moja tu: acha. Akaitika, "Nimekusikia, mwanangu." Wiki chache baadaye alikuja kuchukua dawa, nikasikia harufu ya moshi katika nguo zake, nikamkaripia mbele ya wagonjwa waliokaa benchini. Hakujibu neno. Siku aliyopaswa kurudi, hakurudi.

Ndugu wananchi, mgonjwa wa kifua kikuu anayekatiza dawa huhatarisha uhai wake. Huweza pia kupata kifua kikuu sugu, kisichosikia dawa za kawaida, na kuwaambukiza walio nyumbani mwake. Nilimfuata kwake, na mkewe ndiye aliyenieleza: "Mzee ameona haya. Anasema hawezi kuja kwako na mkono unaonuka sigara." Nilimwomba radhi mzee yule. Kisha nikamwuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza siku ya kwanza: "Mzee wangu, sigara ya kwanza unaivuta saa ngapi, na nyingine unazivuta wapi na nani?"

Akanieleza. Ya kwanza ilikuwa kabla ya chai ya asubuhi. Ya pili karakanani, fundi mwenzake alipomnyooshea pakiti. Nyingine alasiri, penye bao. Ya mwisho baada ya chakula cha usiku. Hapo nikatambua kuwa nilimtaka aache kitu kimoja, kumbe kilikuwa kimefungamana na siku yake nzima. Nikotini hufika kwenye ubongo sekunde chache baada ya moshi kuvutwa, na ubongo huzoea kuidai. Pamoja na dai hilo la mwili lipo dai la mazoea: kikombe, kiti, rafiki anayewasha kiberiti. Mazoea yana taabu. Kwa hiyo mtu haachi sigara kwa hasira ya siku moja. Hujiandaa, kama mkulima anavyoandaa shamba kabla ya mvua.

Maandalizi yenyewe ni haya.

Kwanza, hesabu. Kwa muda wa wiki moja, andika kila sigara unayovuta: saa, mahali na uliye naye. Hesabu na fedha. Anayevuta sigara 10 kwa siku, akinunua kila moja kwa shilingi 200, huteketeza shilingi 60,000 kwa mwezi wa siku 30. Wengi hawazioni fedha hizo kwa sababu hutoka moja moja.

Pili, chagua siku ya kuacha, isiyozidi wiki 2 mbele. Isiwe siku ya harusi wala ya kukesha msibani. Usiku wa kuamkia siku hiyo, ondoa nyumbani sigara, kiberiti na kisahani cha majivu, na ufue nguo zenye harufu ya moshi.

Tatu, tafuta mbadala wa kila saa uliyoiandika. Mzee wetu aliamua kunywa chai kwanza, kisha kutoka moja kwa moja kwenda kazini huku akitafuna mswaki wa mti. Hamu kali hudumu dakika chache tu. Kunywa maji, tembea, shika kazi, nayo itapita.

Nne, waambie watu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mzee aliwaambia mafundi wenzake, "Msinipe hata nikiomba." Alimwambia mkewe kuwa huenda atakuwa mkali kwa siku kadhaa, naye mkewe akajua kuwa ukali ule hautokani na chuki.

Maana ukali huo huja. Huja na kukosa usingizi, na wengine huona njaa isiyo ya kawaida. Siku za mwanzo ndizo nzito zaidi. Kwa wengi hali hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Asidanganyike mtu kuhamia kwenye ugoro au tumbaku ya kutafuna, kwani nikotini ni ile ile.

Mzee wetu aliteleza mara mbili, na mara zote alikuja kuniambia, kwa sababu hakuogopa tena kukaripiwa. Kuteleza si kuanguka. Kila mara tuliuliza: ni saa ipi iliyokushinda? Tukaiandalia upya. Mara ya tatu aliacha, na dawa zake alizimaliza.

Faida hazichelewi. Ndani ya siku chache tu, hewa ya sumu iletwayo na moshi hupungua katika damu. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo hushuka hadi kiasi cha nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta.

Zipo pia dawa za kusaidia, kama viraka vya kubandika kwenye ngozi na ubani wa kutafuna wenye nikotini. Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, lakini katika maeneo kama yetu hazipatikani kwa urahisi. Ushauri, hata hivyo, upo. Yeyote anayefika kituoni kwa huduma yoyote aombe kuzungumza nasi faraghani kuhusu sigara. Asiyeweza kufika amwone mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijijini kwake.

Nanyi mlio jirani na mvutaji, nawaomba mambo matatu. Msimnyooshee pakiti mtu aliyetangaza kuacha. Msimcheke akiteleza. Na msimtume mtoto dukani kununua sigara: Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia sigara aliye chini ya miaka 18, na mwenye duka aliyeko hapa analijua hilo.

Kwa wewe unayevuta, sikuambii uache usiku huu. Nakuomba uanze kuhesabu usiku huu. Kisha njoo na hesabu yako. Hata ukija na harufu ya moshi, karibu, hakuna atakayekukaripia.