Kabla ya Kufunga Sanduku

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi na vijana wanaojitayarisha kwenda ng'ambo)



Sisi tunaosema nanyi leo tuliondoka hapa Nakuru, tukaishi ng'ambo miaka kadhaa, kisha tukarudi. Mmetuuliza habari za viza na za baridi. Hayo mtayajua tu. Sisi tuna neno moja: mzigo wa kwanza anaobeba msafiri ni mahali alipolelewa, na mzigo huo haupimwi kwenye uwanja wa ndege.

Tulilelewa Bondeni, kwenye ploti ya vyumba vingi na bomba moja la maji. Chumba hiki Kikuyu, kile Kijaluo, kinachofuata Kikalenjin au Kiluhya. Lakini pale bombani wote ni Kiswahili, na foleni ya mitungi haikuuliza mtu kabila. Kwa hivyo tulipofika majuu, tukakaa jengo moja na watu wa nchi nyingi, hatukushangaa. Wengine waliugua upweke. Sisi tulipiga hodi kwa jirani tukaomba chumvi. Hiyo ndiyo elimu ya ploti, na hatukuilipia karo.

Lakini tusidanganyane. Nakuru ilitufundisha na mengine. Mwaka 1992 watu walikimbia kutoka Molo, nyumba zao zimechomwa. Januari 2008 ghasia zikafika hapa mjini, na maelfu wakalala kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho. Katika ploti yetu kuna aliyemficha jirani chini ya kitanda, na kuna aliyeonyesha mlango wa jirani kwa kidole. Yote mawili tuliyaona. Yote mawili tulisafiri nayo.

Jioni moja ya theluji, mmoja wetu akiwa mgonjwa, tulisikia hodi. Alikuwa Mkenya, mzaliwa wa Njoro, ametuletea uji ndani ya chupa ya chai. Alipotaja jina lake, mkono wetu ulisita kwenye kitasa. Tuko mbali na nyumbani namna ile, na bado tunachambua majina! Tulifungua, lakini ile aibu hatujaisahau. Baadaye alituambia kwamba hata yeye alisimama kwenye ngazi kwa muda kabla ya kupiga hodi.

Sasa vijana, kuna kazi moja ya kufanya kabla ya kufunga sanduku. Mtaani kwenu pengine uko mlango ambao watu wa nyumbani kwenu hawaupigi hodi, na hamjaambiwa kwa nini. Ulizeni. Nanyi wazazi, mkiulizwa semeni ukweli, msiwaachie watoto woga usio na maelezo. Kisha nendeni mkasalimie, hata kama ni salamu tu.

Mlango ulio hatua kumi kutoka kwako ukikushinda, ndege haitakusaidia.